Ngoma ya Mgeni Katika Mtaa Wetu

SOMO LA KUJADILIANA KATIKA FAMILIA NA VIKUNDI VYA AMANI

Lengo la somo: kuelewa kwa nini watu waliohama hushikilia muziki wa kwao, na namna muziki huo unavyoweza kuwa daraja badala ya chanzo cha ugomvi.



Familia iliyokimbia huacha nyumba, shamba na makaburi ya wazee. Wimbo haubaki nyuma, kwa sababu haubebwi kichwani kama mzigo. Lakini ikifika mtaani, familia hiyo huanza kujiuliza: tupige ngoma yetu, au tunyamaze ili tusichukiwe? Wenyeji nao hujiuliza: hawa wanaimba nini usiku kucha? Wanatusema? Viongozi wengi hapa Kipushi wanajua kwamba swali dogo kama hili likiachwa bila jibu huzaa chuki.

1. Mfano wa Wachina huko Marekani

Wachina tunawaona hapa Katanga, katika migodi na barabara. Zamani wengine wao walihama kwa sababu kama ile iliyowaleta babu zetu Kipushi: kuchimba madini. Kuanzia mwaka 1849, maelfu ya watu wa jimbo la Guangdong walikwenda California kutafuta dhahabu. Hata leo, kwa Kichina, mji wa San Francisco unaitwa Mlima wa Kale wa Dhahabu.

Walikwenda na muziki wao. Oktoba 1852, kikundi cha opera ya Kikantoni kilicheza San Francisco. Opera hiyo ni mchezo wa kuimba hadithi za zamani, pamoja na upatu, matoazi, ngoma na fidla ya nyuzi mbili inayofanana kidogo na zeze. Magazeti ya wenyeji yaliandika kwamba ni makelele tu. Chuki ilikua, na mwaka 1882 sheria ilikataza vibarua Wachina kuingia Marekani. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1943 tu.

Katika miaka hiyo migumu hawakuacha kuimba. Mwaka 1924 walifungua jumba la Mandarin Theatre katika mtaa wao. Vikundi vya muziki vilikuwa mahali pa kukutana, kupata habari za nyumbani na kuwafundisha watoto. Japani ilipovamia China mwaka 1937, maonyesho yalitumika pia kukusanya msaada. Mwaka 2009, UNESCO iliiweka opera ya Kikantoni katika orodha ya urithi wa wanadamu. Kilichoitwa makelele sasa ni mali ya dunia.

2. Sisi wenyewe ni watoto wa wageni

Mgodi wa Kipushi ulianza kuchimbwa katika miaka ya 1920, katika nchi ya Walamba. Kampuni ya Union Minière ilileta wafanyakazi kutoka Kasai, Rwanda, Burundi na Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Kila kundi lilikuja na sauti yake. Waluba, kwa mfano, walikuja na ngoma ya ditumba na madimba. Kwa kuishi pamoja kambini, watu walipata lugha moja, Kiswahili, na baadaye nyimbo za wote.

Mfano mzuri ni Jean-Bosco Mwenda, aliyerekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 huko Jadotville, yaani Likasi. Gitaa lake, pamoja na nyimbo zake za Kiswahili, lilisikika Afrika Mashariki yote. Alikuwa wa ukoo wa Bayeke, na Bayeke wenyewe walikuja Katanga na Msiri kutoka Unyamwezi katika karne ya 19. Basi huyu tunayemwita wetu ni mjukuu wa wageni.

Ng'ambo ya mpaka, huko Luanshya, mtaalamu J. Clyde Mitchell aliitazama ngoma ya kalela mwaka 1951. Vijana wa Kibisa walivaa nguo safi, wakasifu nchi yao na kuwatania makabila mengine. Waliimba kwa Kibemba cha mjini, ambacho wote walikielewa, na waliotaniwa walisimama hapo hapo wakicheka. Huo ndio utani: unamtaja mwenzako mbele yake, naye ana ruhusa ya kukujibu.

3. Wimbo unaweza pia kujeruhi

Tusidanganyane. Katika miaka ya 1992 na 1993, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi, Kolwezi na kwingineko Katanga. Kabla ya mikono kuinuka, midomo ilitangulia: watu waliitwa bilulu, yaani wadudu. Huko Rwanda, nyimbo za Simon Bikindi zilitumiwa kueneza chuki. Mwaka 2008, mahakama ya kimataifa ya Arusha ilimhukumu kifungo cha miaka 15. Hukumu ilikuwa kwa maneno ya uchochezi aliyoyatoa kwa kipaza sauti mwaka 1994, si kwa kutunga nyimbo. Lakini mahakama iliona jinsi nyimbo hizo zilivyotumika.

Tofauti ni hii: utani humwita jirani acheke, uchochezi humtoa katika ubinadamu, tena mara nyingi hayupo wa kujibu.

4. Mambo ya kufanya mtaani

- Mfasirini jirani. Kabla ya kilio au sherehe, mwenye ngoma aeleze kwa Kiswahili wimbo unasema nini. Hofu nyingi hutokana na kutoelewa.
- Patanisheni saa. Mkuu wa mtaa na wawakilishi wa pande zote wakubaliane mwisho wa ngoma za usiku. Sheria iwe moja kwa mwenyeji na mgeni.
- Kataeni neno la chuki mapema. Kila kundi liwakemee vijana wake lenyewe, lisingoje kushtakiwa.
- Gawaneni uwanja. Katika sikukuu ya tarehe 30 Juni, kila kundi lipewe nafasi, na wimbo mmoja uimbwe na wote.
- Wafundisheni watoto. Mtoto anayejua wimbo wa bibi yake haoni haya mbele ya wenzake, na haoni haja ya kudharau wimbo wa mwingine.

Maswali ya kujadiliana

1. Ni wimbo gani familia yenu ilikuja nao? Nani bado anaujua?
2. Je, kuna wimbo unaoimbwa mtaani ambao unawaumiza wengine? Nani anaweza kuzungumza na waimbaji kwa upole?
3. Katika kilio cha jirani wa kabila jingine, mnaruhusiwa kuimba? Kama sivyo, ni hatua gani ya kwanza mnayoweza kuchukua mwezi huu?

Jadilianeni bila haraka. Wazee waanze, lakini vijana na akina mama nao wapewe neno. Mtakayokubaliana, yaandikeni, na mkuu wa mtaa abaki na nakala.