Mutoto Anayeharisha na Kupumua Mbio



Siku moja mama mumoja wa Katuba alituletea mutoto aliyeharisha siku tatu. Alikuwa amemupakaa dawa ya kifua, kwa sababu mutoto alipumua mbio na kwa nguvu. Lakini mutoto hakukohoa, na mapafu yake yalikuwa mazima. Shida ilikuwa ndani ya damu.

Angalia babula yako. Makala yakiwaka yanaacha majivu. Mwili nao uko vile. Umejengwa na vyumba vidogo sana, visivyoonekana kwa macho, tunaviita seli. Kila seli inachoma chakula ili ipate nguvu, na inaacha uchachu, kama ule wa ndimu. Damu inatuliza uchachu ule kwa chumvi inayoitwa bikarbonati. Mwingine unatoka kwa pumzi na kwa mukojo. Waganga wanaupima kwa hesabu: damu nzuri iko kati ya 7,35 na 7,45. Ona vile nafasi ni ndogo! Hesabu ikishuka, uchachu umezidi. Seli zinashindwa kazi, moyo unaregea, mutoto anasinzia-sinzia. Chini ya 7, yuko karibu na kufa.

Basi, maji ya kuharisha yanabeba bikarbonati nyingi. Ndiyo maana mutoto anapumua mbio: mwili unajaribu kufukuza uchachu kwa pumzi. Dawa ya kikohozi haitamusaidia. Asipirini ya soko inaongeza uchachu. Usimupe hata kidogo.

Mupe SRO. Ndani ya sashe muna sukari, chumvi, na sitrate, ambayo mwili unaigeuza kuwa bikarbonati. Maji matupu ao Fanta haina kitu hicho. Sashe moja, litre moja ya maji safi. Wamama wengi wanapima na chupa ya bia, nasi tunawagombeza kila juma: chupa ile haifiki litre, dawa inazidi chumvi, na hiyo pia ni hatari. Leta chombo chako kliniki, tutakiwekea alama.

Mupe kijiko kwa kijiko. Akitapika, ngoja dakika 10, anza tena polepole. Usiache kumunyonyesha. Dawa iliyobaki kisha masaa 24, mwanga.

Lakini akipumua mbio, ao macho yameingia ndani, ao anashindwa kunywa, usingoje asubuhi. Kuja naye hata usiku, na njiani endelea kumupa kijiko kama anaweza kumeza.