MAKISIO YA PAA LA TURUBAI JUU YA JUKWAA LA KUPAKILIA



Katika mikoa ya Mtwara na Lindi minada ya korosho kwa kawaida huanza mwezi wa Oktoba, na mvua huanza kunyesha mwishoni mwa Novemba au mwezi wa Desemba. Kwa hiyo maghala yetu bado yana mzigo wakati mawingu yanapoanza kukusanyika. Chini ya mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza kutumika kwa zao la korosho mwaka 2007, mzigo wa mwanachama hupokelewa na kupimwa katika chama cha msingi, kisha hupakiwa katika lori na kupelekwa ghala kuu. Baina ya mlango wa ghala la chama na lori kuna hatua chache tu, lakini katika hatua hizo gunia halina kifuniko. Korosho iliyokaushwa vizuri ikilowa huota ukungu, ganda hubadilika rangi na kiini huharibika. Ikifika ghala kuu katika hali hiyo, huweza kushushwa daraja au kukataliwa.

Ndiyo sababu vyama huamua kuweka paa la turubai juu ya jukwaa la kupakilia. Shauri hilo ni jema. Turubai ni jepesi, halihitaji nguzo katikati ya njia ya malori, na chama kilichopanga ghala kinaweza kulifungua na kuhama nalo. Lakini makisio yake yasipofanywa kwa uangalifu, fedha ya wanachama hupotea.

Miaka kadhaa iliyopita nilikagua chama kimoja ambacho sitakitaja. Nje ya ghala lake zilisimama nguzo sita za chuma zenye kutu, na juu yake vipande vya turubai vilivyochanika vikipepea. Nilipofungua vitabu niliona kwamba fedha yote ililipwa kwa mkupuo, katika kasma moja iliyoandikwa “Turubai”. Hapakuwa na fungu la matunzo wala la kubadilisha kitambaa. Kitambaa kilipochanika katika msimu wa pili, Bodi iliuomba mkutano uidhinishe makato mapya, na wanachama wakakataa. Bibi mmoja alisimama akaniuliza: “Mwanangu Mkaguzi, sisi tulinunua kivuli au tulinunua mabomba?” Swali hilo ndilo somo letu.

Jibu lake ni kwamba paa la turubai ni vitu viwili vyenye umri tofauti, yaani chuma na kitambaa. Chuma kilichopakwa zinki huweza kudumu miaka ishirini, lakini kitambaa huchakaa mapema zaidi. Chama kinachokadiria bei ya kununua peke yake kimekadiria nusu ya jambo.

HATUA YA KWANZA: KUJUA HASARA

Kabla ya kuuliza bei ya paa, Katibu aulize bei ya kukosa paa. Atafute katika vitabu vya msimu uliopita magunia yaliyolowa, tofauti ya bei iliyopatikana, na siku ambazo lori lilikodiwa likasubiri mvua ikatike. Tuchukue mfano wa darasani wa chama kinachopitisha kilo 400,000 kwa msimu. Magunia 30 ya kilo 80 yalilowa, yaani kilo 2,400, na kila kilo ikapungukiwa Sh. 400. Hasara ni Sh. 960,000. Lori lilisubiri siku nne kwa Sh. 150,000 kila siku, jumla Sh. 600,000. Hasara yote ni Sh. 1,560,000. Tarakimu hizi ni za kujifunzia tu. Kila chama kitafute zake.

HATUA YA PILI: KUPIMA MAHALI

Pimeni lori refu kuliko yote yanayofika hapo, likiwa limepakiwa, na mpakiaji akiwa amesimama juu ya magunia. Paa lipite juu ya kichwa chake kwa nafasi ya kutosha. Kisha angalieni mvua inapigia upande gani, kwa maana paa lisilozidi ukingo wa jukwaa halizuii mvua ya upepo.

Paa lazima liwe na mteremko. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji, na lita moja ina uzito wa kilo moja. Mvua ya milimita 50 ikituama juu ya turubai la mita za mraba 60 ni lita 3,000, yaani tani tatu. Hakuna mshono utakaobeba uzito huo.

Upepo nao hulivuta paa kwenda juu. Upepo wa mwendo wa mita 20 kwa sekunde, ambao ni kilomita 72 kwa saa, huweza kusukuma kila mita ya mraba kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 24. Kwa mita za mraba 60 hiyo ni kama kilo 1,440. Ndiyo maana misingi haiwekwi kwa ajili ya kubeba paa tu, bali pia kwa ajili ya kulizuia lisiondoke. Msingi wa zege wenye sentimita 60 kila upande una uzito wa kilo 518 hivi. Misingi sita ni kilo 3,100 na zaidi. Katika chama kile nilichokitaja, nguzo zilikuwa zimechimbiwa sentimita thelathini tu. Vipimo kamili ni kazi ya mhandisi, na ada yake iingizwe katika makisio.

HATUA YA TATU: KUANDIKA KILA KASMA

Msikubali neno moja “Turubai”. Tuendelee na mfano wetu wa paa la mita 10 kwa 6:

Mhandisi, upimaji na mchoro: Sh. 800,000
Misingi sita ya zege na boliti: Sh. 1,500,000
Nguzo na fremu ya chuma chenye zinki: Sh. 5,400,000
Kitambaa, mita za mraba 72 kwa Sh. 37,500: Sh. 2,700,000
Mfereji wa maji ya mvua na bomba lake: Sh. 500,000
Usafirishaji na ufundi wa kusimamisha: Sh. 900,000
Jumla ndogo: Sh. 11,800,000
Fungu la dharura, asilimia 10: Sh. 1,180,000
Jumla kuu: Sh. 12,980,000

Mtaona kwamba eneo ni mita za mraba 60 lakini kitambaa ni 72. Zilizozidi ni za mteremko, pindo na sehemu za kufungia. Anayekadiria eneo la chini peke yake atapungukiwa kabla kazi haijakwisha.

Pateni bei kutoka kwa wauzaji watatu, lakini wote wapewe maelezo yale yale kwa maandishi: uzito wa kitambaa kwa mita ya mraba, unene wa chuma, aina ya zinki, kina cha misingi, muda wa dhamana, na kama bei imejumuisha kodi ya ongezeko la thamani na usafiri. Turubai jepesi la plastiki, kama lile la kufunikia mizigo, huweza kukatika kwa jua baada ya msimu mmoja au miwili. Kitambaa cha nyuzi za poliesta kilichopakwa PVC, chenye gramu 650 au zaidi kwa mita ya mraba na kinga ya jua, huweza kudumu miaka kumi kikitunzwa. Vyote viwili huitwa turubai. Anayelinganisha bei zake bila kuuliza uzito analinganisha gunia la korosho na gunia la makapi.

HATUA YA NNE: GHARAMA YA KILA MWAKA

Tukadirie kwa tahadhari kwamba kitambaa kitadumu miaka 8. Kwa kuwa bei hupanda na ufundi hulipwa upya, tuweke Sh. 3,200,000 za kukibadilisha, yaani Sh. 400,000 kila mwaka. Vitu vingine vyote, vyenye thamani ya Sh. 10,280,000, tuvipe miaka 20: uchakavu ni Sh. 514,000 kwa mwaka. Kusafisha, kukaza kamba na boliti, na kupaka rangi palipokwaruzwa ni Sh. 150,000. Jumla ni Sh. 1,064,000 kwa mwaka, au Sh. 2.66 kwa kilo.

Hasara ilikuwa Sh. 1,560,000. Paa likizuia hasara hiyo, chama kitabakiwa na Sh. 496,000 kila mwaka. Lakini chama kinachopitisha kilo 100,000 tu, chenye hasara ya robo yake, yaani Sh. 390,000, hakiwezi kulilipia paa hilo. Afadhali chama hicho kinunue maturubai mazuri ya mkono, kipakie asubuhi, au kishirikiane ghala na chama jirani. Kuacha kununua nako ni uamuzi halali wa mkutano.

HATUA YA TANO: FEDHA ITOKE WAPI

Mkutano Mkuu ndio wenye kauli. Mtaji ukikatwa kwa misimu mitatu katika mfano wetu, ni kiasi cha Sh. 10.82 kwa kilo, nayo makato hayo yana mwisho wake. Mkitaka mkopo, uwe ndani ya ukomo wa madeni ulioidhinishwa na Mkutano Mkuu na Mrajis, kwa mujibu wa Sheria ya Vyama vya Ushirika Na. 6 ya mwaka 2013.

Baada ya paa kusimama, Sh. 550,000 za kitambaa na matunzo ziendelee kutengwa kila mwaka. Hizo hazifiki Sh. 1.40 kwa kilo. Ziandikwe katika kasma yake, zisitumiwe kwa posho wala safari, na salio lisomwe katika kila Mkutano Mkuu. Haba na haba hujaza kibaba. Lau chama kile kingefanya hivyo tangu msimu wa kwanza, Bodi isingeenda mkutanoni mikono mitupu, na bibi yule angalijibiwa kwa kuonyeshwa daftari.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Msimu uliopita chama chenu kilipoteza kiasi gani kwa mvua wakati wa kupakia? Kimeandikwa wapi?
2. Chama chenu kinapitisha kilo ngapi, na gharama ya paa kwa kilo itakuwa kiasi gani?
3. Kitambaa kikichanika mwaka wa sita badala ya wa nane, fungu lililotengwa litatosha? Kama halitoshi, Bodi itawaambia nini wanachama?