Kupiga Picha ya Jua Likichomoza Kabatoro

Wanafunzi wenzangu, siku hizi simu nyingi zina kamera, na karibu kila mwenye simu amekwisha kupiga picha ya jua likichomoza. Lakini picha hizo nyingi zafanana: duara jeupe juu, giza tupu chini. Katika makala haya nataka kueleza jinsi nipandavyo mlima pale Kabatoro alfajiri kwa kazi hiyo, na kwa nini naona kwamba picha iliyo bora ya asubuhi ile si ya jua lenyewe.

MAHALI. Kabatoro ni mji mdogo wa Wilaya ya Kasese, pamoja na Katwe, uliokaa kati ya Ziwa Edward na ziwa dogo la chumvi la Katwe. Ziwa hilo la chumvi limo ndani ya shimo lililofanywa na mlipuko wa volkano zamani sana, na ukingo wa shimo ndio mlima wetu. Si mlima wa kutisha. Hata mtu asiye na mazoezi aweza kuupanda polepole bila kamba.

Hatari haiko katika mwinuko, bali katika wanyama. Mji umezungukwa na hifadhi ya Queen Elizabeth, iliyoanzishwa mwaka 1952. Viboko hutoka majini usiku kula majani, na alfajiri hurudi. Mtu asimamaye kati ya kiboko na maji amejitafutia kifo. Kwa hiyo nashika sheria tatu: sipandi peke yangu, bali na mwenyeji aijuaye njia, sipiti kandokando ya Ziwa Edward kabla ya kupambazuka, wala siingii ndani ya hifadhi bila ruhusa.

WAKATI. Mgeni kutoka pwani hushangaa kuona Kabatoro bado giza saa 12 asubuhi. Sababu yake ni hesabu nyepesi. Saa za Afrika Mashariki hufuata mstari wa nyuzi 45 mashariki, na Kabatoro iko karibu na nyuzi 30. Dunia huzunguka uzi mmoja kwa dakika 4. Basi nyuzi 15 ni dakika 60. Ndiyo maana jua huchomoza hapa karibu na saa 1, yaani dakika 40 hivi baada ya Mombasa. Mwanzoni mwa Novemba huwahi, kama saa 12 na dakika 40. Katikati ya Februari huchelewa, kama saa 1 na dakika 10.

Tena, karibu na Ikweta jua hupanda wima. Toka mtu aweze kuona njia bila tochi mpaka jua kutokeza, ni dakika 20 na kidogo tu. Mvivu akijikuna kitandani, yote yamekwisha. Mimi hutaka niwe juu nusu saa kabla.

KAMERA. Kwanza, iweke juu ya jiwe au kiegemezo, maana mkono hutetemeka na mwanga ni hafifu. Pili, gusa kioo cha simu pale penye anga angavu, si penye ardhi nyeusi, ili rangi zisiungue. Tatu, usiliweke jua katikati. Weka mbele yake kitu chenye umbo, kama mti au mwamba. Wekundu wa alfajiri hutokana na hewa: miali hupita katika hewa nyingi zaidi jua likiwa chini, na rangi ya buluu hutawanyika njiani, nyekundu ikatufikia. Jua likisha kupanda kidogo, wekundu hutoweka.

GEUKA KASKAZINI. Hili ndilo jambo ninalotaka mkumbuke. Watu wote wanapotazama mashariki, mimi hugeuka. Kaskazini, mwendo wa kilomita 57 hivi, iko Margherita, kilele kirefu kuliko vyote vya Ruwenzori, chenye mita 5,109. Kwa urefu wake, vilele vile huliona jua kabla yetu kwa dakika 6 au 7. Sisi tungali kivulini, na mlima umekwisha kuwaka. Baadaye joto huinua unyevu, mawingu hujikusanya, na mlima hufunikwa mchana kutwa. Asubuhi nyingine wingu hukataa kabisa. Stanley alifika upande wa mashariki wa mlima huo mwaka 1876, akaondoka bila kutambua kwamba una theluji. Hata tarehe 24 Mei 1888 ndipo alipoiona kwa macho yake.

Mwaka 1906 Mwitaliano Vittorio Sella alipanda Ruwenzori pamoja na Mtawala wa Abruzzi, akapiga picha za barafu yake. Alijulikana kwa picha nzuri, lakini leo thamani yake imezidi uzuri. Mwaka ule barafu ilienea karibu kilomita za mraba 6.5, kufika mwaka 2003 ilikuwa imebaki chini ya moja. Wataalamu wakiziweka picha zake kando ya picha mpya, kila mtu huona kilichopotea. Wakonzo wa milimani huiita theluji nzururu. Yawezekana wajukuu wetu watalijua neno hilo bila kuijua theluji yenyewe.

Basi picha isiyo na tarehe ni pambo tu. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Nyuma ya kila picha, au katika daftari, andika siku, saa, mahali uliposimama, na upande uliotazama.

Ukishuka, utawakuta wachimbaji chumvi wakianza kazi kabla ya joto, katika vijibwawa vilivyogawanywa kandokando ya ziwa. Jua lile lile ulilolipiga picha ndilo likaushalo maji yao na kuwaachia chumvi. Usiwapige picha kama miti. Salimu, omba ruhusa, na ukinyimwa, shukuru uende zako.

ZOEZI

1. Tafuta nyuzi za longitudo za kijiji chenu, ukahesabu jua huchomoza kwenu dakika ngapi kabla au baada ya Kabatoro.

2. Chagua mahali pamoja, upige picha ya mlima au kilima kile kile kila mwezi kwa mwaka mmoja, na tarehe zake.

3. Nanyi ndugu zetu mliomaliza shule zamani: fungueni masanduku. Kama mna picha ya Ruwenzori ya siku za ujana wenu, andikeni nyuma yake mwaka na mahali ingali kumbukumbu ipo, kisha mtuletee shuleni tuiweke kando ya zetu.