SOMO: Wanyama wanakamatwa, lakini ugomvi uko juu ya udongo



Leo tunajifunza juu ya farasi na ng'ombe waliokamatwa na serikali huko Marekani. Ni mbali na sisi, lakini ugomvi wenyewe mutautambua.

Mambo yalivyokuwa

Mary na Carrie Dann walikuwa dada wawili wafugaji, wa kabila la Western Shoshone, kule Crescent Valley, jimbo la Nevada. Walichunga kwenye udongo wa mababu. Mwaka 1863 wakubwa wa kabila walitia sahihi mapatano ya Ruby Valley pamoja na serikali. Mapatano yaliruhusu wageni kupita, kuchimba madini na kujenga njia ya treni. Hayakusema kama kabila limeuza udongo.

Mwaka 1974 serikali iliwashitaki hawa dada: munachunga kwenye udongo wa Leta bila ruhusa. Wao walijibu kama ule udongo haujatoka mikononi mwa kabila hata siku moja.

Lakini kesi ingine ilikuwa imeshafunguliwa mwaka 1951 na kundi moja tu, kwa jina la kabila zima. Katika ile kesi, avoka wa kundi alikubaliana na serikali juu ya tarehe ya kuhesabia bei ya udongo: mwaka 1872, sawa vile ulikuwa umeshapotea. Mwaka 1977 malipo yaliamuliwa, karibu dola milioni 26. Kabila lilikataa kuzipokea. Serikali ikaweka feza kwenye akaunti iliyoisimamia yenyewe. Mwaka 1985 Tribinali Kuu ikasema: feza zimewekwa, basi malipo yamefanyika.

Serikali ilisema pia mifugo ya hawa dada ni mingi na inamaliza majani. Mwaka 1992 ilikuja kukamata farasi. Kaka yao alijimwagia esanse ili kuwazuia. Alikamatwa, akafungwa gerezani. Mwezi wa 9 mwaka 2002 ng'ombe 232 walichukuliwa. Mwisho wa ule mwaka, Tume ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika ilisema Marekani imevunja haki za hawa dada. Hata hivyo, mwezi wa 2 mwaka 2003 farasi mamia walichukuliwa. Kabila lenyewe liligawanyika: wengine walitaka feza zigawanywe, wengine walisema udongo hauuzwi.

Sisi tunapata nini hapa?

Kwetu sheria ya 1973 inasema udongo ni mali ya Leta. Katiba ya 2006, kifungu cha 34, inalinda mali iliyopatikana kwa sheria ao kwa desturi. Kati ya haya mawili, ushuhuda ndio unasaidia. Kwa hiyo:

1. Musiache mtu mmoja aseme kwa jina la wote bila PV ya mkutano. Avoka ao mjumbe aeleze kwanza, kwa luga munayosikia, kile anataka kukubali.

2. Muandike mipaka ya malisho pamoja na majirani na chefu. Kila mmoja atie sahihi, na kopi ibaki kwa koperative.

3. Mukuwe na daftari la mifugo: hesabu, alama, chanjo, waliozaliwa, waliouzwa.

4. Mukikamatiwa mnyama, muombe karatasi: jina la service, tarehe, hesabu, sababu. Wakikataa kuitoa, muandike yenyewe siku ile ile mbele ya washuhuda.

5. Mupinge kwa utulivu na kwa wingi. Kaka akiwa gerezani, farasi hawakurudi.

6. Muchunge majani. Malisho yakichakaa, munampa mshitaki neno la kusema.

Maswali ya kuzungumza kwenye mkutano

Kwetu, nani ana ruhusa ya kutia sahihi juu ya udongo wa wote? Ile ruhusa imeandikwa wapi? Kama wangekuja kesho, daftari letu lingeonyesha nini?