Ni Nani Asiye na Kazi Jijini Nairobi?

Vijana tunapolalamika kuhusu kazi tunaambiwa kwamba mchagua jembe si mkulima. Haya, lakini kwanza tujue majembe yako mangapi na wakulima ni wangapi. Katika somo hili fupi nitaeleza jinsi ukosefu wa kazi unavyohesabiwa na jinsi ulivyobadilika katika jiji letu.

Shirika la Kitaifa la Takwimu (KNBS) humhesabu mtu kuwa hana kazi akitimiza mambo matatu: hafanyi kazi, anaitafuta, na yuko tayari kuianza. Aliyefanya kazi hata saa moja tu katika siku saba huhesabiwa kuwa anayo. Tuseme mtu amebeba mawe ya mjengo Jumatatu, kisha akakaa bure hadi Jumapili. Kwenye hesabu huyo ana kazi! Naye aliyechoka kusaga lami akabaki nyumbani hatiwi katika idadi ya wasio na kazi. Ndiyo maana mwanzoni mwa 2020 tuliambiwa kwamba wasio na kazi nchini ni asilimia 5.2 pekee. Korona ilipofunga biashara ikafika asilimia 10.4 katikati ya mwaka uo huo.

Sasa tutazame Nairobi. Mwaka 1969 jiji lilikuwa na watu 509,286. Mwaka 2019 walikuwa 4,397,073, yaani zaidi ya mara nane katika miaka 50. Kazi za mshahara hazikukimbia mbio hizo. Mwaka 1964 serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi walikubaliana kuongeza wafanyakazi, asilimia 15 serikalini na asilimia 10 katika kampuni. Habari zilipofika mashambani, watu wengi zaidi wakaja mjini kutafuta. Hapa tunajifunza kwamba kazi ikifunguliwa mjini pekee, huvuta watafutaji wengi kuliko nafasi zilizopo.

Mwaka 1972 wataalamu wa Shirika la Kazi Duniani walitoa ripoti kuhusu Kenya. Waligundua kwamba mafundi viatu, wachuuzi na wafua mabati hawakuwa wamekaa bure. Walifanya kazi sana, ila mapato yao yalikuwa haba. Katika miaka ya 1990 serikali ilipunguza watumishi wake, na viwanda vingi vya nguo vikafungwa mitumba ilipojaa sokoni. Wengi walikimbilia jua kali, kama kule Kamukunji na Gikomba. Leo, ukiwaacha wakulima wadogo, zaidi ya wafanyakazi wanane kati ya kumi nchini wako katika jua kali.

Wanachama wenzangu, Kiswahili chetu kinaona tofauti ambazo tarakimu hazioni. Kazi ni shughuli yoyote. Ajira ni kazi ya kuandikwa, yenye mwajiri na mshahara. Kibarua ni kazi ya kutwa, na neno lenyewe ni "barua ndogo", kwa sababu zamani mfanyakazi wa siku alipewa kikaratasi cha kuonyesha siku alizofanya. Mimi hupita penye malango ya viwanda kila asubuhi nikija shuleni. Alfajiri watu huwa wamejaa, karani anatoka, anachagua wachache, na wengine wanabaki wamesimama. Ukimwuliza mmoja anafanya kazi gani, atakwambia, "Nahangaika tu." Hakusema ana kazi, wala hakusema hana. Kwa maoni yangu, jibu hilo lina ukweli kuliko ile asilimia. Tena mtu anayedamka saa kumi za usiku kutafuta kibarua asiitwe mvivu hata kidogo.

Kwa hivyo, ukisoma gazetini kwamba ukosefu wa kazi umepungua, uliza maswali matatu: Ni nani wamehesabiwa? Wamefanya saa ngapi? Wamelipwa ngapi? Sisi wa kidato cha tatu tumebakisha mwaka mmoja tu tuingie katika hesabu hiyo. Yafaa tujue mapema tutaandikwa upande gani, na kama upande huo utatulisha.