Hofu ya Kiafya Kabla ya Mradi: Funzo la Upepo wa Kinangop kwa Pwani ya Kilwa na Lindi

Upepo si mgeni katika pwani ya Kilwa. Kaskazi ndiyo iliyoyaleta majahazi kutoka Bara Arabu na Bara Hindi hadi Kilwa Kisiwani, na kusi ndiyo iliyoyarudisha kwao. Leo upepo huohuo unatazamwa pia kama chanzo cha umeme. Nchini Tanzania, mitambo ya Mwenga iliyopo Mufindi, mkoani Iringa, yenye uwezo wa megawati 2.4, tayari imekwisha kuonyesha kuwa jambo hilo linawezekana vijijini.

Mradi wa namna hii unapopendekezwa, aghalabu pingamizi hufuata, na sehemu ya pingamizi hilo huja kwa lugha ya afya. Watu huuliza kama mitambo huharibu mimba, huleta maumivu ya kichwa au huamsha kifafa. Maswali hayo hayaishii katika mkutano wa kijiji. Hufika zahanati, na mhudumu wa afya hutakiwa kuyajibu.

Baada ya kulisoma somo hili, mhudumu ataweza kueleza utafiti unasema nini, kutambua hatari halisi zinazosahauliwa, na kumsikiliza mgonjwa bila kumdharau na bila kuacha ugonjwa wake upite pasipo kutambuliwa. Mgonjwa naye atapata majibu anayoweza kuyatumia nyumbani na mkutanini.

Yaliyotokea Kinangop

Mfano ulio karibu na unaofundisha zaidi ni wa Kinangop, katika Kaunti ya Nyandarua nchini Kenya. Huko ulipangwa mradi wa mitambo 38 yenye uwezo wa megawati 60.8, katika eneo la wakulima wadogo wa viazi na mboga na wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Wakazi walipinga. Walilalamikia ardhi, fidia na namna walivyoshirikishwa, na pamoja na hayo walieleza hofu ya madhara ya kiafya kwa watu na mifugo. Maandamano yaliendelea katika miaka ya 2014 na 2015, na mtu mmoja alipoteza maisha. Mwezi Februari 2016 mradi ulitangazwa kufutwa.

Kule Marsabit, kaskazini mwa Kenya, mradi wa Ziwa Turkana wenye mitambo 365 na uwezo wa megawati 310 ulijengwa hadi ukakamilika. Hata hivyo, mwezi Oktoba 2021 mahakama iliyoketi Meru iliamua kwamba hati za ardhi ya mradi huo hazikupatikana kwa kufuata utaratibu wa sheria. Mradi mmoja ulifutwa na mwingine ukasimama, lakini katika yote miwili swali la nani aliulizwa kuhusu ardhi halikufutika.

Kumbukumbu za Kilwa na Lindi

Mhudumu wa afya anayefanya kazi katika pwani hii hana budi kuijua historia ya watu anaowahudumia. Gesi asilia iligunduliwa Songo Songo mwaka 1974, na tangu 2004 imekuwa ikisafirishwa kwa bomba hadi Dar es Salaam. Mwishoni mwa miaka ya 2000, vijiji vya Mavuji, Migeregere, Nainokwe na Liwiti katika Wilaya ya Kilwa vilitoa maelfu ya hekta kwa kampuni ya kigeni iliyotaka kulima mibono kwa ajili ya mafuta. Kampuni ilifilisika, na ardhi ambayo ilikwisha kuondolewa katika miliki ya vijiji haikurudi yenyewe mikononi mwa wanakijiji. Huko Likong'o, karibu na mji wa Lindi, wakazi waliotakiwa kupisha mradi wa gesi ya kimiminika walisubiri fidia kwa miaka kadhaa.

Kwa hiyo mzee anayesema "tumekwisha kuyaona haya" hasemi kwa ujinga. Anasema kwa uzoefu. Mhudumu akianza kwa kudhani kwamba hofu yote ni ushirikina au ukosefu wa elimu, atakuwa amekwisha kumpoteza mgonjwa wake.

Utafiti unasema nini

Kwanza, kelele. Hili ndilo lalamiko lenye msingi ulio thabiti zaidi. Mapanga yanapokata hewa hutoa mvumo unaopanda na kushuka, na mvumo huo unaweza kuwakera watu. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake kwa kanda ya Ulaya, lilipendekeza kwamba kelele za mitambo ya upepo zisizidi desibeli 45, kwa wastani wa siku nzima unaozipa uzito zaidi kelele za jioni na usiku. Pendekezo hilo lilitolewa kwa tahadhari, na shirika halikuweka kiwango maalumu cha usiku kwa sababu ushahidi haukutosha. Utafiti wa Wizara ya Afya ya Kanada, ambao matokeo yake yalitangazwa 2014, uliwahusisha watu 1,238. Kadiri kelele zilivyoongezeka, kero nayo iliongezeka. Lakini utafiti huo haukuona uhusiano kati ya kelele hizo na magonjwa yaliyotajwa na washiriki, wala na ubora wa usingizi wao. Utafiti wa Denmark wa 2019 ulitoa tahadhari: kwa watu wenye umri wa miaka 65 na zaidi, kelele kubwa za usiku nje ya nyumba zilihusishwa na ongezeko la matumizi ya dawa za usingizi.

Tafiti hizi zilifanyika katika nchi za baridi, ambako nyumba zina kuta nene na madirisha hufungwa. Nyumba ya udongo na makuti, ambayo dirisha lake huachwa wazi usiku kucha kwa sababu ya joto, haizuii kelele kwa kiwango hicho. Ndiyo maana swali la umbali kati ya mtambo na makazi ni swali halali la kiafya, na mwanakijiji anayeliuliza anastahili kujibiwa kwa vipimo.

Pili, sauti ya masafa ya chini mno, isiyosikika kwa sikio. Watu wengi huiogopa hii kuliko kelele zenyewe. Nchini Australia, utafiti uliochapishwa 2023 uliwaweka watu wazima 37 katika sauti ya aina hiyo kwa saa 72, na haukuona athari katika usingizi, moyo wala akili zao. Nchini New Zealand, utafiti wa 2014 ulionyesha kwamba watu waliotangulia kuambiwa kuwa sauti hiyo inadhuru waliripoti dalili nyingi zaidi, hata walipowekwa mahali pasipo na sauti hiyo. Hali hiyo huitwa nosebo: matarajio ya kudhurika huzaa dalili. Ieleweke kwamba maumivu ya mtu huyo ni ya kweli. Kinachotafutwa ni chanzo chake.

Tatu, kivuli kinachokatakata jua linapokuwa chini. Kifafa kinachochochewa na mwanga huhitaji mwanga unaomweka takriban mara tatu kwa sekunde au zaidi. Mtambo mkubwa wenye mapanga matatu, ukizunguka mara 20 kwa dakika, hukata mwanga mara 60 kwa dakika, yaani mara moja kwa sekunde. Hatari ya kifafa kwa hiyo ni ndogo sana. Kero, hata hivyo, ipo, na nchini Ujerumani kivuli hicho huwekewa ukomo wa dakika 30 kwa siku na saa 30 kwa mwaka.

Nne, mimba. Hakuna ushahidi wa kitabibu ulioonyesha kwamba mitambo ya upepo huharibu mimba au huleta ugumba. Utafiti wa Denmark wa 2018, uliofuatilia wajawazito wa nchi nzima, haukuona uhusiano kati ya kelele za mitambo na watoto kuzaliwa kabla ya wakati au wakiwa na uzito pungufu.

Hatari zinazosahauliwa

Mjadala unapoelemea kwenye sauti isiyosikika, mambo yenye madhara yanayojulikana huachwa nyuma. Mashimo ya kuchimba kokoto na udongo hukusanya maji ya mvua na kuwa mazalia ya mbu, katika mkoa ambao malaria bado ni mzigo mkubwa. Malori makubwa hupita katika njia zilizozoea waenda kwa miguu na baiskeli. Vumbi huwasumbua wenye pumu. Ujio wa wafanyakazi wengi wenye fedha, walio mbali na familia zao, huweza kuongeza maambukizi ya Virusi vya UKIMWI na magonjwa mengine ya zinaa. Familia ikipoteza shamba la mihogo, ufuta au mikorosho bila kupata badala yake, watoto huanza kuonekana kliniki wakiwa na uzito pungufu.

Haya ndiyo mambo ambayo mhudumu wa afya anaweza kuyasema mkutanini kwa uhakika, kwa kuwa takwimu za zahanati yake anazo. Kabla ujenzi haujaanza, aandike idadi ya wagonjwa wa malaria, ajali, shinikizo la damu na matatizo ya usingizi. Pasipo kumbukumbu za kabla, hakuna atakayeweza kuthibitisha kilichobadilika baadaye.

Mazungumzo ya mfano

Mfano ufuatao umetungwa kwa ajili ya mafunzo. Kijijini kumesimamishwa mlingoti mwembamba wa kupima upepo. Hakuna mtambo hata mmoja uliojengwa. Bibi anayetumia dawa za shinikizo la damu anaingia zahanati.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nimekuja kukuaga tu. Dawa zako nimeziacha. Kichwa hiki ni cha ule mlingoti wao. Tangu usimamishwe sijalala."

"Pole, bibi. Umeziacha tangu lini?"

"Jumaa hii ni ya tatu."

"Kaa kwanza nikupime. Halafu unieleze kinachokukosesha usingizi."

Kipimo kinaonyesha shinikizo limepanda sana. Bibi anaendelea: "Makaburi ya wazee wangu yapo chini ya ile mikorosho. Wamepita na kamba, wanapima. Nani kaniuliza?"

"Bibi, kichwa kinauma kweli, na kipimo kimeonyesha presha imepanda. Ule mlingoti hauzunguki, unapima upepo tu. Dawa tuzirudishe leo hii, na keshokutwa nikuone tena. Hilo la makaburi dawa haliwezi kulitibu, wala si jambo dogo. Ni la kusemwa mbele ya mkutano wa kijiji, na likaandikwa."

Muuguzi huyu hakumwambia bibi kwamba anajidanganya, wala hakuusifu mradi. Alitenganisha mambo mawili: ugonjwa unaotibika, na haki iliyo nje ya uwezo wa zahanati. Angelikubali kwamba mlingoti ndio chanzo, bibi angeondoka bila dawa na huenda angepatwa na kiharusi. Angelipuuza habari ya makaburi, bibi asingerudi keshokutwa. Kanuni hiyohiyo imhusu mama mwenye dalili za kutokwa na mimba. Apimwe malaria, wingi wa damu, shinikizo la damu na kaswende, na asirudishwe nyumbani kwa maelezo ya mitambo, yawe ya kuilaumu au ya kuitetea.

Mahali pa kupeleka swali la haki

Mgonjwa anayeambiwa "hilo si la zahanati" anapaswa kuelekezwa ni la wapi. Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, Mkutano Mkuu wa Kijiji, wenye wakazi wote waliotimiza miaka 18, ndio unaoridhia au kukataa kuhamishwa kwa ardhi ya kijiji isiyozidi hekta 250. Ikizidi hapo, Waziri huamua baada ya kuzingatia mapendekezo ya mkutano huo. Sheria inataka aina, kiasi na wakati wa kulipwa fidia viwe vimekubaliwa kabla ya ardhi kuhamishwa. Aidha, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, miradi mikubwa hufanyiwa tathmini ya athari kwa mazingira, na maoni ya wananchi ni sehemu yake.

Maswali ya kuuliza huko ni haya: Mtambo ulio karibu utakuwa mita ngapi kutoka nyumba ya mwisho? Nani atapima kelele usiku, na matokeo yatabandikwa wapi? Mashimo yatafukiwa lini? Mradi ukishindikana, ardhi itarudi kwa nani? Makaburi yatahifadhiwaje?

Hitimisho

Umeme una faida kwa afya pia. Jokofu la chanjo, taa ya chumba cha kujifungulia na mashine ya oksijeni vyote huutegemea. Mhudumu wa afya anaweza kuitambua faida hiyo bila kuwa msemaji wa mwekezaji. Kazi yake ni kumpima kila anayelalamika, kusema ukweli wa utafiti pamoja na mipaka yake, na kuhakikisha kwamba hofu ya kuhusu ardhi haimalizikii kwenye faili la mgonjwa.

Maswali ya kujipima

1. Mgonjwa ameacha dawa kwa kuamini kwamba mradi ndio unaomdhuru. Utaanza na nini, na kwa nini?
2. Taja hatari tatu za kiafya za kipindi cha ujenzi ambazo zahanati yako inaweza kuzifuatilia kwa takwimu.
3. Kwa nini viwango vya kelele vilivyopimwa katika nyumba za Ulaya au Kanada visichukuliwe moja kwa moja kwa nyumba za pwani ya Lindi?