Jaribu Huduma, Si Ukurasa: Namna ya Kukagua Tovuti ya Serikali kwa Ajili ya Watu Wenye Ulemavu

Tovuti ya halmashauri inaweza kupata alama za juu kwenye programu ya ukaguzi, na bado mfanyabiashara asiyeona akalazimika kumwita mtoto wa jirani amjazie fomu ya leseni na kumtajia hadi nywila yake. Programu ilikagua ukurasa. Yeye alihitaji leseni. Ukaguzi wenye maana huanza na mwananchi mwenye shida yake na kumfuata mpaka shida hiyo iishe.

Jambo hili si hisani. Tanzania iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na Ibara ya 9 ya mkataba huo inaitaja intaneti waziwazi. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ilipitishwa mwaka 2010. Jirani zetu wa Kenya wana kiwango chao cha ufikivu wa bidhaa na huduma za TEHAMA, KS 2952, tangu mwaka 2022. Kipimo kinachotumika duniani kinaitwa WCAG, na toleo lake la 2.2 lilitoka Oktoba 2023. Kina ngazi tatu: A, AA na AAA, na serikali nyingi zinazojipima hulenga AA. Si lazima ukikariri chote ndipo uanze kazi.

1. Chagua kazi, usichague kurasa

Waulize watu wa mapokezi: wananchi wanakuja hapa kufuata nini? Kwa halmashauri, majibu huwa yaleyale: leseni ya biashara, kumbukumbu namba ya malipo, tangazo la ajira. Chukua kazi tatu na uandike kila moja kwa sentensi yenye mwisho unaoonekana. Mfano: “Tafuta tangazo la ajira la mwezi huu, utaje sifa zinazotakiwa na siku ya mwisho ya kutuma maombi.” Asiyeweza kutaja siku hiyo hakufika, hata kama kurasa zote zilifunguka.

Kwa fomu na malipo, waombe mafundi wakupe mfumo wa majaribio. Maombi ya uongo kwenye mfumo halisi yataingia kwenye foleni ya afisa biashara na kuzaa ankara isiyo na mlipaji.

2. Weka kipanya pembeni

Fanya kazi yote kwa kibodi pekee: Tab kusonga mbele, Shift na Tab kurudi, Enter kufungua kiungo, kitufe cha nafasi kutia alama kwenye kisanduku, mishale kuchagua ndani ya orodha. Hivi ndivyo anavyotumia kompyuta asiyeona, mwenye mikono inayotetemeka, na asiyeweza kushika kipanya kabisa.

Kila ukibonyeza Tab jiulize: ninaona nilipo? Lazima kuwe na mstari au rangi inayozunguka kitu ulichokifikia. Wabunifu wengi huufuta mstari huo kwa kuona unaharibu sura ya tovuti, na mtumiaji wa kibodi anabaki anapapasa gizani. Angalia pia kama unafuata mpangilio wa fomu au unarukaruka. Kama menyu inafunguka au inasubiri kipanya kipite juu yake. Kama kalenda ya kuchagua tarehe inakubali kuandikiwa tarehe kwa mkono. Na kama kuna dirisha dogo linalokufungia ndani usiweze kutoka.

3. Sikiliza tovuti

Kwenye kompyuta ya Windows, weka NVDA. Ni kisoma skrini cha bure, yaani programu inayotamka kwa sauti yaliyo kwenye skrini, kilichoanzishwa mwaka 2006 na Michael Curran, kijana wa Australia asiyeona aliyechoshwa na bei za programu za aina hiyo. Kwenye simu za Android kuna TalkBack: telezesha kidole kulia kwenda kwenye kitu kinachofuata, gusa mara mbili kukifungua. Anza na simu, maana wengi wa unaowahudumia hawana kompyuta.

Ukiwa na NVDA, bonyeza herufi H mara kadhaa. Kila mbonyezo ukupeleke kwenye kichwa cha habari. Kama kisoma skrini kinasema hakuna vichwa, maana yake maandishi makubwa unayoyaona yamenenepeshwa tu, hayajapewa hadhi ya kichwa, na asiyeona atalazimika kusikiliza ukurasa mzima kutoka juu hadi chini. Kisha pitia viungo peke yake. Ukisikia “Soma zaidi, soma zaidi, soma zaidi, bofya hapa”, hakuna anayeweza kujua kipi kinaenda wapi.

Halafu ingia kwenye fomu. Machoni unaona “Namba ya simu” na kisanduku chini yake. Masikioni unasikia tu kwamba hapa ni pa kuandika na hapajaandikwa kitu; cha kuandika hakitajwi. Maneno yale yamewekwa karibu na kisanduku bila kufungwa nacho kwenye msimbo. Jaza vibaya makusudi, utume, kisha usikilize: kosa linatajwa kwa maneno, au kisanduku kimegeuka chekundu kimyakimya? Kama fomu inadai herufi zilizopindapinda za kwenye picha, au namba ya uthibitisho inayotumwa kwa SMS, angalia kama kuna njia nyingine na kama muda unatosha kwa mtu anayesoma kwa kusikiliza.

Jaribio linalosahaulika zaidi kwetu ni la lugha. Bonyeza Ctrl na U uone msimbo wa ukurasa, utafute neno lang katika mistari ya juu. Tovuti ikijengwa juu ya kiolezo cha kigeni, mara nyingi hubaki na lang="en" huku maandishi yote yakiwa ya Kiswahili. Kisoma skrini kinatii: kinachukua sauti ya Kiingereza na kusoma Kiswahili kwa matamshi yake. Wilaya ya Same inageuka “Seim”, na aya nzima ya masharti inakuwa kelele. Dawa ni kubadilisha herufi mbili, kuandika lang="sw", na kwenye kurasa za Kiingereza kuacha en.

4. Kuza, pima rangi, simamisha kinachokimbia

Bonyeza Ctrl na alama ya kujumlisha mpaka ukurasa ufike asilimia 200, kisha 400. Maandishi yasipandane, vitufe visitoweke, na msomaji asilazimike kuvuta ukurasa kulia na kushoto ili amalize kila mstari. Watu wengi wenye ualbino wana uoni hafifu, na hivi ndivyo wanavyosoma: wameikaribia skrini, wamekuza.

Rangi zina kipimo chake. Maandishi ya kawaida yanatakiwa kutofautiana na mandharinyuma kwa uwiano wa angalau 4.5 kwa 1. Yale makubwa, 3 kwa 1. Vikokotoo vya bure viko mtandaoni: unaweka rangi mbili, unapata jibu. Wahalifu wakubwa ni kijivu juu ya nyeupe, njano juu ya nyeupe, na maneno yaliyolazwa juu ya picha ya ufunguzi wa mradi.

Habari zinazokimbia juu ya ukurasa na picha za viongozi zinazobadilishana ziwe na kitufe cha kusimamisha, kama zinaanza zenyewe na kuendelea zaidi ya sekunde tano. Zinamvuruga mwenye shida ya kutuliza mawazo, na zinampita anayesoma taratibu. Video ziwe na manukuu. Taarifa nzito, kama ya mlipuko wa ugonjwa au uchaguzi, ziwe na mkalimani wa lugha ya alama anayeonekana kwa ukubwa wa kutosha.

5. Fungua matangazo yenye muhuri

Hapa ndipo tovuti nyingi nzuri zinapoangukia. Tangazo linachapwa kwenye kompyuta, linachapishwa, linasainiwa, linagongwa muhuri, linaskaniwa, linapandishwa. Kilichofika mtandaoni ni picha ya karatasi.

Jaribio lake ni la sekunde chache: fungua PDF, jaribu kuchagua neno moja kwa kipanya. Lisipochagulika, kisoma skrini hakitapata cha kusoma, na anayetafuta neno ndani ya waraka hatalipata. Usiishie kwenye tangazo moja. Fungua kumi ya karibuni uhesabu mangapi ni picha.

Suluhisho halidai bajeti. Maneno yote yaliandikwa kwenye kompyuta kabla ya kusainiwa, na faili lile bado lipo kwa katibu muhtasi. Bandika maandishi yenyewe kwenye ukurasa, kisha nakala yenye saini na muhuri iwekwe chini kama kiambatisho kwa anayehitaji uthibitisho.

6. Sasa tumia programu

WAVE, axe na Lighthouse ni za bure na zina kasi. Zinakamata picha zisizo na maelezo, visanduku visivyo na majina na rangi hafifu katika kurasa nyingi kwa muda mfupi. Ila zijue mipaka yake. Mwaka 2017 idara ya huduma za kidijitali ya serikali ya Uingereza ilitengeneza ukurasa mbovu makusudi, wenye vikwazo zaidi ya 140, na kuupitisha kwenye programu mbalimbali za ukaguzi. Hakuna programu iliyofikisha nusu. Programu inaweza kujua kwamba picha ina maelezo. Haiwezi kujua kwamba maelezo hayo ni “IMG_0047”.

7. Walete wenye tovuti yao

Ukiisha kurekebisha ya wazi, alika watumiaji. Chama cha Wasioona (TLB), Chama cha Viziwi (CHAVITA), Chama cha Watu Wenye Ualbino (TAS) na shirikisho lao, SHIVYAWATA, ni pa kuanzia. Tenga nauli, posho na malipo ya mkalimani mapema. Huu ni utaalamu, na mwenye utaalamu hulipwa. Watano wenye ulemavu tofauti watakuonyesha mengi.

Kila mtu atumie simu yake mwenyewe, aliyoizoea. Msomee kazi, kisha nyamaza. Usimshikie simu, usimwambie “bonyeza pale juu”. Akisita, muulize anatarajia nini kitokee, uandike jibu kama alivyolisema. Kwa kiziwi ambaye lugha yake ya kwanza ni ya alama, angalia hasa Kiswahili cha kiofisi: “mwombaji anapaswa kuambatanisha vielelezo stahiki” humkwamisha mtu ambaye “weka nakala ya kitambulisho” ingemvusha.

8. Andika ripoti inayotengenezeka

“Tovuti si rafiki kwa walemavu” haimpi fundi pa kushika. Andika hivi: “Kazi: kuomba leseni. Hatua ya pili, kisanduku cha namba ya simu. Kwa TalkBack, jina la kisanduku halisomwi. Asiyeona hawezi kujua aandike nini. Kifungwe na jina lake.” Ambatisha aina ya simu, kivinjari na tarehe.

Panga makosa kwa uzito wa madhara: yanayozuia kazi isikamilike, yanayoichelewesha, na yanayoudhi tu. Kundi la kwanza lipewe jina la mhusika na tarehe ya mwisho. Nakala moja mpelekee afisa habari, kwa sababu fundi hujenga tovuti mara moja, ila afisa habari huipandishia matangazo kila wiki, na tovuti iliyofaulu Julai inaweza kujaa picha za karatasi kabla ya Septemba.

Marekebisho yakikamilika, usimwulize fundi kama imekaa sawa. Mpigie yuleyule aliyekwama, arudie kazi ileile kwa simu yake. Akimaliza bila kusaidiwa, funga hoja.